Ala ya Bastola Katika Sanduku la Babu

Ndani ya sanduku la bati ambalo babu yangu aliliacha Ujiji alipofariki, chini ya kanzu mbili na stakabadhi za kodi zilizofungwa kwa uzi wa nyavu, mna ala ya bastola iliyoshonwa kwa ngozi ya kahawia. Bastola yenyewe haimo, wala hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuiona. Kwa miaka mingi ala hiyo imekuwa ikihifadhi sindano za kushonea nyavu, na harufu yake ni mchanganyiko wa mawese, dagaa na ngozi kuukuu. Hata hivyo, katika kila msiba na kila harusi inayotukutanisha, baba mdogo huitoa, huipangusa kwa kiganja, kisha hutusimulia upya kwamba ilivaliwa na afisa wa Kijerumani aliyeangushwa Tabora mwaka 1916, na kwamba baba yake babu, aliyekuwa mpagazi wa jeshi la Wabelgiji, ndiye aliyeifungua kutoka kiunoni mwa marehemu.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu sijaota ndevu, na niliiamini. Mimi si mwanahistoria. Nilisomea ufundi mitambo katika chuo cha reli cha Tabora, nikashika spana hadi nilipostaafu. Lakini fundi ana maradhi yake: akiona kifuniko hukosa usingizi mpaka ajue chombo chake. Mwaka jana, baada ya hitima ya jamaa yetu mmoja, niliomba ruhusa kwa shangazi, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa sanduku, nikaichukua ala ile hadi nyumbani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, na kuanza kujiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza zamani. Ni bastola gani hasa iliyokaa humu?

Nilianza na Mjerumani wa baba mdogo. Bastola waliyojulikana nayo maafisa wa Kijerumani wakati huo ni Luger, ambayo jeshi lao la majini liliichukua mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908, ndiyo maana huitwa P08. Askari Waafrika waliopigana upande wao walikuwa na silaha nyingine kabisa, kwa kuwa wengi wao walibeba bunduki za mtindo wa 1871 zilizotumia baruti nyeusi, na kila walipofyatua waliinua wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali walipolala. Luger ina umbo ambalo huwezi kulisahau ukishaliona pichani: mtutu mwembamba uliochomoza mbele, mpini ulioinama sana kuelekea nyuma, na juu yake kiungo kinachokunjika kama goti kila risasi inapotoka. Urefu wake ni kama sentimita 22. Nilichukua boksi la sabuni, nikachora umbo hilo kwa vipimo vyake, nikalikata kwa mkasi. Ningeweza kuchonga la mti, lakini mtu anayepita soko la Mwanga na bastola ya mti mfukoni, katika mkoa ambao mashua za Kibirizi hukaguliwa kwa sababu ya silaha za ng'ambo ya ziwa, anatafuta makubwa.

Boksi lilikataa kuingia. Pua ya mtutu iligota chini wakati mpini ungali juu, na mfuniko wa ala haukufika kwenye kifungo chake. Tena ala yenyewe ilikuwa na tumbo, yaani ilitanuka upande wa mpini, mahali ambapo Luger ni nyembamba. Ubavuni ilishonewa kifuko kidogo cha kuwekea magazini ya akiba, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, nacho pia kilikuwa kipana kuliko nilivyotarajia.

Nilimpelekea fundi viatu mmoja kijana anayekaa chini ya mwembe si mbali na soko. Alinipa shikamoo, akaigeuza ala mara mbili, akavuta uzi wake kwa ukucha na kuniambia kwamba mshono ule ni wa cherehani ya kiwandani. Kisha akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, akasugua upande wa ndani wa mfuniko, taratibu, kama anayemwosha mtoto masikio. Herufi tatu zikajitokeza, ABL, na chini yake tarakimu nne: 1952.

"Mzee wangu," akasema bila kuinua macho, "huyo aliyekufa 1916 aliivaaje ngozi ya 1952?"

Sikuwa na jibu, nikalipa nikaondoka. Herufi ABL, nilikuja kujua, ni kifupi cha jina la jeshi la Ubelgiji katika lugha zake mbili, Kifaransa na Kiflemi, na zilipigwa muhuri kwenye mikanda, mikoba na ala za jeshi hilo. Bastola ya jeshi hilo mwaka 1952 ilikuwa moja inayojulikana vizuri, nayo ndiyo iliyoujaza mwaka wangu mzima wa kusoma: bastola ya nusu otomatiki ya milimita 9 iliyopewa na kiwanda chake jina la Kifaransa lenye maana ya "nguvu kubwa", Grande Puissance, GP35 kwa kifupi, ambayo ulimwengu unaozungumza Kiingereza huiita Browning Hi-Power.

Historia yake inaanza katika mji mdogo wa Herstal, kando ya Liège, ambako mwaka 1889 kilianzishwa kiwanda cha Fabrique Nationale, FN, kwa kusudi moja tu la kuitengenezea serikali ya Ubelgiji bunduki 150,000 za aina ya Mauser. Kiwanda kilichozaliwa kwa oda moja huwa kinakufa oda hiyo ikiisha, na wenye FN walilijua hilo. Mwaka 1897 waliingia mkataba na Mmarekani aliyeitwa John Moses Browning, mtoto wa mtengeneza bunduki wa mji wa Ogden, Utah, ambaye alikuwa amezoea kuchonga kwanza kifaa chenyewe na kuacha michoro ifuate baadaye. Bastola yake ya kwanza kwa FN, ya milimita 7.65, ilichukuliwa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1900, na zaidi ya 700,000 zikatengenezwa. Katika Kifaransa jina lake likageuka nomino ya kawaida: mtu aliweza kusema ana "browning" mfukoni bila kujali imetoka kiwanda gani.

Bastola nyingine ya Browning iliyotoka Herstal, ile ya mwaka 1910, ndiyo Gavrilo Princip aliyoitumia Sarajevo tarehe 28 Juni 1914 kumuua mrithi wa kiti cha Austria na mkewe. Sisemi kwamba bastola ilileta vita, kwa maana vita ile ilikuwa imeshapikwa na ilingoja kupakuliwa tu. Lakini mtu wa Kigoma hawezi kuupita ukweli huo bila kusimama, kwa sababu vita iliyofuata ndiyo iliyowaleta Wabelgiji hapa. Mwishoni mwa Julai 1916 kikosi kilichoongozwa na Olsen kilishika Kigoma na Ujiji, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao ya Goetzen, ambayo Waingereza waliiopoa baadaye na ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Tarehe 19 Septemba majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yakaingia Tabora baada ya Jenerali Kurt Wahle kuondoka na watu wake. Tombeur alipewa baadaye cheo cha baroni chenye jina la Tabora ndani yake. Wapagazi hawakupewa kitu cha namna hiyo, na baba yake babu yangu alikuwa mmoja wao. Sehemu hiyo ya hadithi ya baba mdogo ni ya kweli.

Hapo naomba niingie kwenye ufundi wenyewe, maana ndiko raha yangu iliko. Bastola ndogo za mwanzo za Browning, kama ile ya 1900, zilikuwa na risasi dhaifu. Ulitosha uzito wa chuma cha juu kinachoteleza, pamoja na springi yake, kuzuia ganda lisirushwe nyuma kabla risasi haijatoka mtutuni. Risasi yenye nguvu haizuiliki hivyo. Ukiiweka ndani ya chombo cha namna ile, chuma kitarudi nyuma mapema mno, ganda litapasuka, na moto utamrudia mwenyewe. Browning aliutatua mkasa huu kwa njia ambayo mtu wa reli anaielewa papo hapo. Aliufunga mtutu na kitelezi pamoja, kama mabehewa mawili yaliyoungwa. Risasi inapotoka, yote mawili yanarudi nyuma yakiwa yameshikana kwa milimita chache. Kisha mtutu unashuka kidogo upande wa nyuma, meno yake yanatoka kwenye mapengo ya kitelezi, behewa linakatwa, na kitelezi kinaendelea peke yake, kinatupa ganda tupu nje, kinaitega nyundo, kinagota, na springi inakirudisha mbele kikiwa kimebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini. Kufyatua tena ni lazima uvute triga upya, ndiyo maana ya "nusu otomatiki".

Katika bastola ya Colt ya milimita 11.43 ambayo jeshi la Marekani liliichukua tarehe 29 Machi 1911, kazi ya kuushusha mtutu ilifanywa na kiungo kidogo kinachobembea kwenye pini. Kiungo hicho ni chembamba, kinachakaa, na zaidi ya hayo kilikuwa kimefungiwa ndani ya hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, zilizouzwa kwa kampuni ya Colt. Kwa hiyo Wafaransa walipotangaza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba wanatafuta bastola mpya ya jeshi yenye risasi zisizopungua 10, nyundo ya nje, kizuizi cha usalama, na ambayo haitafyatuka magazini ikiwa imetolewa, Browning alijikuta mahali pa ajabu: ilimbidi abuni akiikwepa kazi yake mwenyewe. Hakuruhusiwa kuziiba akili zake za zamani.

Aliomba hataza ya muundo mpya mwaka 1923. Hakuishi kuipokea. Tarehe 26 Novemba 1926, akiwa Herstal kiwandani, alijisikia vibaya, akalala kwenye ofisi ya mwanawe Val, na moyo ukasimama. Hataza ilitolewa Februari 1927, na kitu kilichoelezwa ndani yake si bastola iliyokaa katika ala ya babu. Hiki ndicho kilichonishangaza kuliko yote, na ndicho kilichonifanya niandike. Bastola ya hataza haina hata nyundo ya nje, na haina sura ile iliyojulikana baadaye. Aliyeifikisha huko ni mtu mwingine kabisa, Mbelgiji, fundi mbunifu wa FN aliyeitwa Dieudonné Saive.

Mchango wa kwanza wa Saive ndio ule ulioipa ala yetu tumbo. Hadi wakati huo, magazini za bastola nyingi za jeshi zilipanga risasi kwa mstari mmoja, moja juu ya nyingine, na kwa hiyo Luger ilibeba 8 na Colt 7. Ukitaka zaidi, mpini unarefuka mpaka bastola haivaliki. Saive alizipanga kwa kupishana, kushoto na kulia, kama abiria wa daraja la tatu wanavyopishana mabega kwenye korido, kisha akazifanya zirudi kwenye mstari mmoja zinapofika mdomoni ili zipande moja moja bila kukwama. Huo mdomo ndio kazi yote. Kisanduku kipana mtu yeyote anaweza kukikunja; kupata pembe ambayo risasi mbili zinazogombea mlango mmoja zitapishana kwa adabu, mara elfu kwa elfu, kwenye vumbi na baridi, hapo ndipo fundi anapojulikana. Bastola ya mwisho ilibeba risasi 13 ndani ya mpini unaoshikika vizuri. Nilipima kile kifuko cha ubavuni cha ala kwa rula ya mjukuu wangu: magazini ya mstari mmoja ingecheza humo kama jino bovu.

Mchango wake wa pili ulitokana na subira. Mwaka 1928 hataza za Colt ziliisha muda, na Saive akawa huru kurudi kwenye ghala la fikra za marehemu na kuchukua alichotaka. Aliirejesha namna ya zamani ya kuvua na kusafisha, akaipa bastola nyundo ya nje na mstari mzuri wa mgongo. Lakini kile kiungo cha kubembea hakukirudisha. Aliacha chini ya mtutu kipande imara cha chuma chenye mfereji uliochongwa kwa mshazari, unaopita kwenye kizuizi na kuuvuta mtutu chini. Hakuna pini ya kukatika. Bastola nyingi zinazotengenezwa leo duniani, zikiwemo ambazo mpini wake ni wa plastiki, zinashusha mtutu kwa namna hiyo au ndugu yake.

Kisha kiwanda kikaandika kwenye ubavu wa kitelezi jina la Browning. Ninaelewa sababu, jina lilikuwa linauza. Lakini niruhusiwe kusema kwamba linaniuma. Katika miaka yangu ya kazi niliwahi kurekebisha kifaa cha breki kilichokuwa kikitusumbua kila masika, na ripoti ilipopanda juu ilipanda na sahihi ya mtu ambaye hakuwahi kulala chini ya behewa. Sikuwahi kulalamika, na kwa kweli nilikuwa nimesahau mpaka niliposoma habari za Saive. Kwake yeye angalau mizani ilikuja kulingana, kwa kuwa ndiye baadaye aliyebuni bunduki ya FAL, ambayo ilienea katika majeshi mengi mno, ya Afrika yakiwemo.

Wafaransa, ambao masharti yao ndiyo yaliyozaa kila kitu, hawakuinunua. Walichagua bastola yao ya mwaka 1935 iliyobuniwa na Charles Petter, yenye risasi ndogo ya milimita 7.65. Ni kama mtu anayeagiza kitanda kwa seremala, anampa vipimo, anambadilishia mara tatu, kisha analala kwenye mkeka. Ubelgiji ikaichukua bastola mwaka huo huo wa 1935, na tarakimu zikaingia kwenye jina. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kipimo cha kulengea kilichoandikwa hadi mita 500, pamoja na mfereji nyuma ya mpini wa kupachika kitako cha mti. Mita 500 ni urefu wa treni ya mizigo ya mabehewa zaidi ya 30. Atakayemlenga mtu aliyesimama kwenye behewa la mwisho kwa bastola, akiwa yeye yuko kwenye injini, na ampate, huyo hahitaji bastola, anahitaji kuombewa asiguswe na husuda.

Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, kiwanda cha Herstal kikawa chao, na bastola ikapewa jina jipya, Pistole 640, ikifuatiwa na herufi ndogo ya b katika mabano kuonyesha asili yake ya Ubelgiji. Zaidi ya 300,000 zilitengenezwa kwa ajili ya majeshi ya Hitler. Saive na baadhi ya wenzake walifanikiwa kukimbilia Uingereza. Huku nyuma, China ya Chiang Kai-shek, iliyokuwa imenunua bastola hizo kabla ya vita na kuzipenda, ilizihitaji tena, na safari hii kazi ilipewa kampuni ya John Inglis ya Toronto, Kanada, iliyokuwa na historia ndefu ya kutengeneza boila na injini za mvuke. Wakanada walizipima bastola zilizotoka Ubelgiji, wakachora michoro upya kwa inchi badala ya milimita, na kuanzia 1944 hadi vita ilipokwisha mwaka 1945 wakatoa zaidi ya 150,000. Hivyo ikawa kwamba bastola ile ile ilivaliwa na pande zote mbili za vita, na askari aliyemteka mwenzake aliweza kuchomoa magazini ya adui na kuipachika kwenye bastola yake mwenyewe bila shida yoyote.

Baada ya vita ilienea mno. Uingereza iliichukua rasmi mwaka 1954 na kukaa nayo hadi 2013, ilipoanza kuibadilisha kwa Glock. India iliitengeneza Ishapore, Argentina iliitengeneza Rosario, na Wakanada waliendelea kuvaa zile zile za 1944 na 1945 hadi miaka ya 2020, jambo ambalo kwa mtu aliyeendesha karakana kwa vipuri vya kuokoteza linatia moyo na aibu kwa wakati mmoja. Majeshi ya nchi zaidi ya 50 yamewahi kuitumia. Haikukosa kasoro: nyundo yake ya mwanzo ilikuwa na tabia ya kumng'ata mshikaji kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada, na lile sharti la Wafaransa la kutofyatuka bila magazini, ambalo lilibaki ingawa Wafaransa wenyewe walishaondoka, liliifanya triga iwe nzito na ya kukwaruza, ikawa wengi wakipata nafasi wanakitoa kipande kinachofanya kazi hiyo. FN iliacha kuitengeneza mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa nyingine mpya yenye jina lile lile na matumbo tofauti.

Ilibaki kuelewa ala ya 1952 ilifikaje Ujiji, na kwa hilo vitabu havikunisaidia, alinisaidia shangazi. Ikumbukwe kwamba Waingereza walipopewa Tanganyika, waliwaachia Wabelgiji, kwa makubaliano ya mwaka 1921, sehemu za bandari hapa Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja. Mwishoni mwa 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza bungeni kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mapatano hayo. Babu alikuwa mlinzi wa usiku katika mabohari ya Wabelgiji tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa.

Shangazi alikuwa binti wa miaka kumi na kitu katikati ya 1960, Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni na jeshi lake likaasi ndani ya siku chache. Anakumbuka Wazungu walivyovuka ziwa kutoka Albertville, Kalemie ya leo, wamebeba mabegi na vizimba vya ndege, watoto wao wamevaa makoti katika jua kali. Anasimulia kwamba gatini polisi walikuwa wakipokea silaha kabla mtu hajaruhusiwa kupita, na kwamba kijana mmoja aliyeungua uso kwa jua alitoa bastola, akaikabidhi, akabaki ameshika ala tupu kama mtu aliyebaki na kamba baada ya ng'ombe kuuzwa, kisha akaitupa karibu na mizani ya mizigo na kwenda zake. Babu aliirudisha nyumbani alfajiri pamoja na kilo moja ya sukari. Alisema ngozi nzuri haitupwi.

"Sasa habari ya Tabora ilitoka wapi?" nikamuuliza.

"Ilitoka kwa babu yako mwenyewe," akajibu. "Kila alipoishika ala alimkumbuka baba yake na mizigo ya Tabora. Akianza na hili anamalizia na lile. Baba yako mdogo alikuwa mdogo, akasikia hadithi moja."

Nilipangiwa kuyasema haya yote mbele ya ukoo Idi iliyopita, nami nikayasema, nikiwa na maboksi mawili ya sabuni mkononi, moja la Luger lisiloingia na moja la GP35 lililoteleza ndani mpaka kifungo kikafunga. Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza risasi ya bastola hiyo ya Wabelgiji ilikuwa ya milimita ngapi.

"Tisa, baba," nikasema.

"Hiyo risasi ya milimita tisa, aliibuni nani? Huyo huyo Browning?"

Ilinibidi niseme kweli: ni risasi ya mwaka 1902 aliyoibuni Georg Luger.

"Basi Mjerumani yumo," akasema, akalichomoa boksi langu, akazirudisha sindano za nyavu ndani ya ala na kumpa shangazi aifungie sandukuni.